Dola Iliyojiita Mlezi

Rwanda ina Butare mbili. Inayojulikana na wengi ni mji wa chuo kikuu na makumbusho kusini mwa nchi, ambao Wabelgiji waliupa jina la Astrida, kwa jina la Astrid aliyekuja kuwa malkia wao, na ambao leo uko katika wilaya ya Huye. Nyingine ni tarafa ya wilaya ya Rusizi, Cyangugu ya zamani, iliyokaa kati ya msitu wa Nyungwe na uwanda wa Bugarama, jirani na mpaka wa Burundi. Ukiteremka kutoka huko kuelekea machweo unafika mto Rusizi, na ng'ambo ya mto ni Kongo. Historia ya watoto askari wa Maziwa Makuu imezigusa Butare zote mbili. Ya kwanza ilipewa shule ya kuwarudisha utotoni watoto waliovuliwa sare. Ya pili iko ukingoni mwa njia ambayo wenzao walipitishwa kwenda vitani. Hata hivyo chanzo chake kiko mbali zaidi, na kilianza kwa barua.

Aprili 1890, Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji na mmiliki wa Dola Huru ya Kongo, alimwandikia gavana mkuu wake akimwagiza aanzishe makambi matatu ya watoto. Moja liwe Kongo ya juu, karibu na ikweta, na liwe la kijeshi hasa. Mapadri wafundishe dini na ufundi, na mwanajeshi afundishe gwaride. Mfalme hakuzungusha maneno kuhusu shabaha yake: alitaka makambi hayo yampatie askari. Julai mwaka huo huo ikatoka amri iliyoifanya dola kuwa mlezi wa kisheria wa watoto waliokombolewa kutoka kwa wafanyabiashara ya watumwa, wa mayatima na wa waliotelekezwa.

Ukiisoma haraka utaiona amri ya huruma. Itazame ilivyofanya kazi. Jeshi la dola, Force Publique, lilikwenda kijijini kudai pembe za ndovu, chakula, wapagazi, na baadaye mpira. Kijiji kikikataa, kilichomwa. Watu wazima waliuawa au walikimbilia porini. Mtoto aliyebaki kwenye majivu alihesabiwa kuwa ametelekezwa, na kwa mujibu wa amri sasa alikuwa mtoto wa dola. Alipelekwa kambini Boma au Nouvelle-Anvers, akafundishwa sala na bunduki, na akikua alirudishwa vijijini na jeshi lile lile lililomwondolea wazazi. Kati ya 1892 na 1893 kundi moja la wavulana 108 lilitembezwa kwa miguu kwenda kambi la Boma. Waliofika ni 62. Wanane kati ya hao wakafa katika wiki chache zilizofuata. Wakabaki 54, nusu kamili ya walioanza safari, na hao ndio ulezi wa mfalme uliowafaidi.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuwezi kuisimulia sehemu hii kana kwamba mikono yetu ilikuwa safi. Misafara ya pwani ilikuwa imefika huko kabla ya bendera ya Leopold. Tippu Tip alitawala sehemu kubwa ya Maniema, na Rumaliza, kutoka Ujiji, alitandaza nguvu zake kaskazini mwa Ziwa Tanganyika hadi bonde la Rusizi. Watoto walikamatwa, waliuzwa, na wengine walipewa bunduki wakawa wapiganaji wa mabwana zao. Mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 uliitishwa kwa jina la kukomesha biashara hiyo, na Leopold aliitumia sababu hiyo kwa ustadi. Katika vita vya 1892 hadi 1894 dola yake iliwashinda watu wa pwani. Waliokuwa mateka wa walioshindwa walitangazwa kuwa huru, kisha wakaandikishwa kuitumikia dola kwa miaka saba, wengi wao wakiwa askari. Aliyekuwa mateka alibadilishiwa bwana tu. Na dola haikutegemea waliokombolewa peke yao: tangu 1891 kila wilaya ilipangiwa idadi ya vijana wa kutoa jeshini, na chifu aliyepewa idadi hiyo alitoa wale wasio na mtu wa kuwatetea.

Bunduki hizo ziliingia Rwanda kupitia Cyangugu. Mwami, yaani mfalme, Kigeli Rwabugili alifariki 1895, na kabla utawala mpya haujatulia, kikosi cha Dola ya Kongo kilivuka na kupiga kambi Shangi, kwenye kilima kinachotazama Ziwa Kivu, katika mkoa wa zamani wa Cyangugu. Baraza la mwami likatuma jeshi lake likiongozwa na Bisangwa, shujaa aliyekuwa na sifa kubwa katika vita vya Rwabugili. Mwaka 1896 jeshi hilo la mikuki na pinde lilikutana na risasi pale Shangi. Bisangwa aliuawa, na jeshi likatawanyika. Kushindwa huko kulilitikisa baraza. Mwaka huo huo kukatokea mapinduzi ya Rucunshu, na kijana mdogo, Yuhi Musinga, akaketishwa kwenye kiti cha mwami. Wajerumani walipofika mwaka uliofuata walikuta nchi iliyokwisha kujua gharama ya kuzuia bunduki kwa mkuki.

Watu husema kwamba hata kabla ya Wazungu wavulana wa Kiafrika walilelewa kwa ajili ya vita, na hutaja itorero la Rwanda. Ni kweli wavulana waliingia itorero. Walijifunza kurusha mkuki, kucheza, na kutunga mashairi ya kujisifu, wakawa intore. Lakini walikwenda wakiwa na ukoo, jina na mtu wa kuulizia habari zao. Mtoto wa Boma alichukuliwa kwa sababu hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Anayesema mambo haya ni mamoja anaifuta tofauti iliyofanya unyakuzi huo uwezekane.

Upande wa Wajerumani nao ulikuwa na watoto wake. Askari wa Afrika Mashariki ya Kijerumani walisafiri na wake zao, wapagazi wao, na wavulana waliobeba bunduki na sufuria zao. Wavulana hao walikulia ndani ya msafara, wakajifunza amri kwa kusikia, na baadhi yao wakaja kuvaa sare wenyewe. Vita Kuu ilipofika, pande zote mbili za Rusizi zilikamuliwa. Aprili 1916 Force Publique ilivuka kutoka Kongo, ikachukua Cyangugu, na Mei ikaingia Kigali. Septemba ilikuwa Tabora. Katika kampeni zake za vita hivyo Wabelgiji walitumia wapagazi zaidi ya laki mbili. Rwanda ikaachiwa njaa ya Rumanura, ambayo wazee waliikumbuka kwa jina hilo miongo mingi baadaye.

Kisha ukaja utawala wa Kibelgiji wenyewe, ambao kwa sheria ya 1925 uliiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo kiutawala. Kiboko, kazi za lazima za barabara na mashamba, na machifu waliopimwa kwa idadi ya watu waliowatoa kazini: yote hayo yaliingia kila kilima. Musinga alipokataa kubatizwa na kukataa kuwa mtumishi mtiifu, walimvua umwami Novemba 1931 wakampeleka uhamishoni Kamembe, hapa hapa Rusizi, na baadaye wakamvusha kwenda Moba, Kongo, alikofia 1944. Mwaka 1933 na 1934 wakafanya sensa iliyomwandika kila mtu mzima kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na utambulisho huo ukawekwa kwenye kitambulisho na kurithiwa na mtoto kutoka kwa baba. Kuanzia 1937 wakaanza kuwahamisha Wanyarwanda kwa mpango rasmi kwenda Gishari na Masisi, kupunguza msongamano Rwanda na kupata nguvukazi Kivu. Ukitafuta ni wapi vita vya leo vya Masisi vinapata watu wanaobishaniwa uraia wao, anza na mpango huo.

Na ulezi wa dola haukuishia Boma. Karibu na Astrida kuna Save, misheni ya kwanza ya Kikatoliki nchini Rwanda, iliyoanzishwa 1900. Hapo palikuwa na kituo cha watoto machotara. Baba Mzungu alikuwa ameondoka au hakutaka kujulikana, na mama Mwafrika alikuwepo, mzima wa afya, tena akimtaka mwanawe. Serikali ilimchukua mtoto, ikasema imemwokoa. Uhuru ulipokaribia, mamia ya watoto wa Save walipandishwa ndege kupelekwa Ubelgiji, wakatawanywa kwenye familia na vituo, mara nyingi ndugu wakitenganishwa. Hawakupewa bunduki. Lakini karatasi iliyowachukua ilikuwa na hoja ile ile ya 1890: dola ndiyo inayoamua nani ana mzazi na nani hana.

Sitasimulia hapa 1959 na yote yaliyofuata; msomaji anayajua. Yatosha kusema kwamba maelfu kwa maelfu ya Watutsi walikimbilia Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika, na kwamba miongoni mwa watoto waliokulia kwenye kambi za Uganda walitoka vijana walioingia jeshi la msituni la Yoweri Museveni. Jeshi hilo, NRA, ndilo lililowaleta makadogo, yaani watoto askari, mbele ya macho ya dunia. Lilipoingia Kampala Januari 1986 lilikuwa na wavulana waliozidiwa urefu na bunduki zao. Museveni alijibu lawama kwa kusema watoto hao walikuwa mayatima wa eneo la vita la Luwero, wazazi wao wameuawa na majeshi ya serikali, na jeshi lake ndilo lililowapa mahali pa kuishi. Mauaji ya Luwero yalikuwa ya kweli. Lakini hoja hiyo dunia ilikwisha kuisikia. Mtu aliyepigana dhidi ya dola iliyorithiwa kwa Waingereza aliikubali kanuni ya Leopold bila kujua: yatima ni mali ya aliyeshika bunduki.

Ndivyo ilivyokuwa tena Rwanda mwaka 1994. Mauaji ya kimbari ya Watutsi yaligeuza watoto kuwa wahanga na, kwa aibu kubwa, baadhi yao kuwa wauaji. Huku Cyangugu, wanamgambo wa Interahamwe wa Bugarama chini ya Yusuf Munyakazi walikwenda parokia ya Shangi Aprili 29 na parokia ya Mibilizi siku iliyofuata, na mahakama ya Arusha ilimhukumu kwa mauaji hayo mwaka 2010. Vitambulisho vya 1933 vilikuwa vikisomwa kwenye vizuizi vya barabarani. Jeshi la RPF, la wakimbizi waliorudi kutoka Uganda, likisonga mbele, liliokota watoto waliobaki peke yao kati ya maiti za jamaa zao, likawalisha, likawavika, na wengi wakawa makadogo wake. Mwaka 1995, kwa msaada wa UNICEF, ikafunguliwa shule ya makadogo katika mji wa Butare ili wavue sare na washike daftari. Naihesabu shule hiyo kuwa jambo jema. Serikali chache zilizotoka vitani zilikubali hadharani, na mapema hivyo, kwamba jeshi lao lina watoto.

Ndiyo maana yaliyofuata mwaka mmoja baadaye yanauma zaidi. Oktoba 1996 muungano wa AFDL, ukiungwa mkono na majeshi ya Rwanda, Uganda na Burundi, ulianza vita mashariki mwa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Mkataba wake unajulikana kwa jina la Lemera, mji ulio milimani magharibi mwa uwanda wa Rusizi. Uvira ilianguka, kisha Bukavu, ambayo mtu akisimama Kamembe anaiona kwa macho. Wavulana wa Uvira, Kamanyola na Bukavu walijiunga kwa makundi. Wapo waliochukuliwa njiani wakitoka shule, na wapo waliokwenda wenyewe kwa sababu ya njaa, au kwa sababu Zaire ya Mobutu haikuwa imewapa chochote cha kukitetea. Inakadiriwa AFDL ilikuwa na watoto wapatao 10,000, wengine wenye miaka saba tu. Walivaa gambuti, buti za mpira za mkulima wa bondeni. Kwa gambuti hizo walitembea kutoka Kivu hadi Kinshasa, na Mei 17, 1997 wakaingia mji mkuu. Njiani walikuwa wametumiwa pia katika mauaji ya wakimbizi wa Kihutu yaliyoelezwa kwa kirefu na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010, ripoti yenye matukio 617 ya kipindi cha 1993 hadi 2003.

Laurent-Désiré Kabila, kiongozi wa AFDL aliyekuwa sasa rais, waliyemwita Mzee, alikuwa baba yao pekee, na hilo halikuwasaidia. Januari 2000, mjini Kinshasa, mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo mtoto askari mwenye miaka 14. Nusu saa haikwisha akawa amekwisha kuuawa. Hapakuwa na rufaa. Naomba msomaji akae kidogo na tukio hilo. Mtoto huyo alichukuliwa na wakubwa, akafundishwa kuua na wakubwa, akapandishwa mahakamani na wakubwa hao hao, na sheria ilipomtazama ilimwona kama mtu mzima kwa mara ya kwanza pale ilipotaka kumpiga risasi. Juni mwaka huo Kabila alitia saini amri ya kuwatoa watoto jeshini. Januari 2001 aliuawa na mlinzi wake mwenyewe, kijana wa kizazi cha makadogo.

Sheria za kimataifa zilikuja taratibu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 ulikataza kuwapeleka vitani walio chini ya miaka 15, kana kwamba wa miaka 15 ni mtu mzima. Afrika ilikwenda mbali zaidi: Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 uliweka miaka 18, bila mlango wa nyuma. Dunia nzima ilifuata kwa nusu nusu katika itifaki ya 2000, na hadi leo Uingereza inaandikisha jeshini vijana wa miaka 16. Mahakama ya The Hague ilimtia hatiani Thomas Lubanga mwaka 2012 kwa kuandikisha watoto Ituri, akapewa miaka 14. Bosco Ntaganda, mzaliwa wa Kinigi aliyekulia Masisi, alipewa 30 mwaka 2019. Hukumu hizi ni za haki. Lakini zimewafikia makamanda wa vikundi tu. Waliowapa silaha, ramani na fedha bado wanakaa mezani na wageni wa heshima.

Na uandikishaji haukukoma. Oktoba 2013 Marekani iliinyima Rwanda sehemu ya misaada ya kijeshi kwa madai kwamba inaunga mkono M23, kundi la waasi wa mashariki mwa Kongo lenye watoto askari; Kigali ilikanusha. Februari 2025 M23 iliingia Bukavu, na vita vikafika tena ng'ambo ya Kamembe. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti watoto katika M23, katika FDLR, kundi la waasi wa Kihutu kutoka Rwanda, na katika wanamgambo wa Wazalendo wanaopigana upande wa serikali ya Kinshasa. Kila upande huonyesha watoto wa mwenzake.

Ubelgiji imekuwa ikijibu historia yake kwa vipande. Mwaka 2019 waziri mkuu Charles Michel aliwaomba radhi machotara wa Kongo, Rwanda na Burundi. Mwaka 2020 mfalme Philippe alieleza majuto yake kwa Kongo, bila kuomba radhi. Tume ya bunge iliyochunguza ukoloni ilimaliza kazi yake mwishoni mwa 2022 bila kukubaliana hata juu ya neno la kuomba msamaha. Kisha Desemba 2, 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ilitoa uamuzi katika kesi ya wanawake watano machotara waliochukuliwa kwa mama zao Kongo wakiwa wadogo. Ilisema dola ya Ubelgiji ilikuwa na mpango wa makusudi wa kuwatafuta na kuwanyakua watoto wa aina hiyo, na kwamba kitendo hicho ni jinai dhidi ya ubinadamu. Iliamuru kila mmoja alipwe euro 50,000.

Kwa maoni yangu uamuzi huo ni mkubwa kuliko kesi yenyewe. Ikiwa kumchukua mtoto kwa mama yake kwa jina la ulezi ni jinai dhidi ya ubinadamu, basi amri ya Julai 1890 ilikuwa jinai, na wavulana 46 ambao hawakufika Boma ni wahanga wake. Kwa kipimo hicho hicho wanahukumiwa pia waliowapitisha makadogo bonde la Rusizi mwaka 1996, na wanaoandikisha leo Kivu, wawe Kinshasa, wawe Kigali, wawe msituni. Ukoloni uliwaachia njia hiyo tayari imekatwa. Kuifuata lilikuwa chaguo lao, na wanapaswa kulijibia mahakamani.